Anameza tramadoli nane kwa siku na ameshaanguka kifafa: nianze kupunguza wapi?

Daktari wa Kadutu (Bukavu)

Salamu kwenu wenzangu. Ninafanya kazi katika kituo kidogo cha afya upande wa Kadutu, hapa Bukavu, na ninaomba ushauri juu ya mgonjwa mmoja ambaye kwa wiki kadhaa sasa ninarudi naye nyumbani kichwani. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Ni mama wa miaka 61, mchukuzi wa mizigo. Hubeba mifuko ya unga na makaa mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, akipandisha mlima kutoka ziwani hadi sokoni. Miaka minne iliyopita aliteleza na mzigo siku ya mvua, na tangu hapo kiuno hakijatulia. Maumivu hushuka kwenye paja la kushoto hadi kidole gumba cha mguu, na mwenyewe huyaeleza kama pilipili iliyopakwa ndani ya mfupa. Mwanzoni alipewa tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini (opioidi), kapsuli mbili kwa siku kwa muda wa siku 5. Hakuna aliyemwambia arudi wala aliyemwambia aache, na kwa kuwa dawa hiyo huuzwa mojamoja bila karatasi yoyote, aliendelea kujinunulia. Leo anameza nane, na siku ya mzigo mzito hufika tisa. Usiku huongeza diazepamu miligramu 10 ya kumlaza, ushauri wa jirani, na diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, kila anapoona imezidi.

Siku chache zilizopita alianguka sokoni saa nne asubuhi, akatetemeka mwili mzima na kujiuma ulimi. Familia ilimpitisha kwanza kwenye chumba cha maombi, kisha wakamleta kwetu. Sukari ilikuwa ya kawaida, malaria hakuna, homa hakuna, presha 150/90, kreatinini, kipimo cha figo, imepanda kidogo, na alikuwa hajapata choo kwa siku sita. Maishani mwake hajawahi kuanguka kifafa.

Mwenzangu wa zamu anasema niikate tramadoli leo hii na kumpa kabamazepini, ambayo itatibu kifafa na maumivu ya mshipa wa neva kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimefikiria kuongeza amitriptilini, dawa ya huzuni inayotuliza pia maumivu ya neva, ya usiku kwanza, halafu tramadoli niipunguze baadaye akishapata nafuu. Mwingine amenishauri nimhamishie kwenye mofini ya maji. Mama mwenyewe aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: «Dokta, ukiniondolea hii dawa, mzigo wangu utaubeba wewe?» Nianzie wapi? Na mtu kama huyu, ni haki kumwandika mraibu kwenye faili lake?

Muuguzi wa Himbi (Goma)

Dokta, usiikate leo hii, lakini pia usiiache ilipo hata kwa usiku mmoja zaidi. Najua maneno hayo mawili yanaonekana kugombana, kwa hiyo nitayaeleza.

Mwili uliomeza opioidi kila siku kwa miaka minne umekwisha kujipanga kuizunguka dawa hiyo. Ukiiondoa ghafla, ndani ya siku moja au mbili ataanza kupiga miayo, kutokwa jasho na makamasi, kuharisha, kusimama nywele, na maumivu ya zamani yatarudi yakiwa makali kuliko yalivyokuwa. Tramadoli ina jambo la ziada ambalo ndugu zake wengi hawana: pamoja na kazi ya opioidi, huzuia pia kemikali za ubongo, serotonini na noradrenalini, zisirudishwe ndani ya chembe za neva, na ndiyo maana wapo wanaokatiwa ghafla wakapata hofu kubwa, kuchanganyikiwa, hata kuona vitu visivyokuwepo. Ukimwachia mama huyu hali hiyo, kesho asubuhi atakuwa amenunua nyingine kwenye kona, na hutamwona tena. Nimewapoteza wagonjwa kwa njia hiyo, na wote walipotea tukiwa tumejaa nia njema.

Kwa upande wa pili, kipimo cha juu cha tramadoli kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, na aliyevuka miaka 75 tunamwekea 300. Ikiwa kapsuli zake ni za 50, nane ni 400 kamili, na siku ya mzigo mzito anavuka mpaka. Tramadoli ikizidi huweza kuleta kifafa, nazo figo zilizochoka huifanya irundikane. Kwa hiyo nisingehangaika na kifafa cha ukoo wala na mapepo. Ningemshusha kwa haraka kiasi hadi mahali palipo salama, tuseme 300, nikizigawa mara nne kwa siku badala ya kuzimeza kwa mkupuo, na kutoka hapo ningeshuka kwa mwendo wa mzee anayeteremka mlima wakati wa mvua: kapsuli moja ya 50 kila baada ya wiki mbili hadi nne. Akilalamika sana unasimama ulipofika. Jitahidi tu usirudi juu.

Kuhusu mofini, mimi ni mtetezi wake, kwani ninahudumia wagonjwa wa saratani na nimeona inachofanya. Wenzetu wa Uganda wametufundisha mengi: tangu 1993, Dokta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, mofini huchanganywa kutoka unga na maji na kumfikia mgonjwa nyumbani, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo huruhusiwa kuiandika wenyewe. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anayelia usiku kucha ninamwanzishia miligramu 2,5 hadi 5 kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na familia inayosema kwamba hiyo ni «dawa ya kuagia» ninakaa nayo hadi ielewe. Lakini mchukuzi wako hana saratani, ana maumivu ya mshipa ambayo mofini huyapunguza kwa shida, na figo zake zitabakiza mabaki ya mofini yaliyo na nguvu. Usimtoe kwenye shimo dogo ukamtia kwenye kubwa.

Na hilo la choo lisikupite. Siku sita si jambo la kuandika pembeni. Mpe bisakodili au sena, maji, papai na lengalenga, na umwulize habari ya choo kila anapokuja.

Mfamasia (Lubumbashi)

Nakubaliana na Mama Muuguzi karibu kwa yote, ila neno lake la «ikiwa kapsuli zake ni za 50» ndilo ningelianza nalo. Dokta, umehesabu kapsuli, hukuhesabu miligramu. Zipo za 50, zipo za 100, na mitaani zimeonekana hata za 225, ambazo hakuna mganga anayeziandika. Huku kwetu Lubumbashi, vijana wanaoshuka kwenye mashimo ya madini humeza kile wanachokiita kimoja tu, na kimoja chao ni sawa na vinne vya kwako. Tatizo lingine ni la mkasi wetu sisi wauza dawa. Mteja akitaka nne, tunakata plaketi, ule ubao wa kapsuli, na mara nyingi jina hubaki upande mmoja, nambari ya kipimo na tarehe ya kuharibika zikabaki upande mwingine. Mwambie alete alichonacho nyumbani, chote, hata kilichofungwa kwenye pindo la kitenge, ukikague kwa macho yako kabla ya kuandika lolote.

Sasa nije kwenye dawa mbili zilizotajwa. Kabamazepini ni kosa hapa, ingawa ninaelewa kwa nini inavutia: ni ya bei nafuu na ipo kila kituo. Huamsha vimeng'enya vya ini, tramadoli huvunjwa haraka, na mgonjwa hujikuta amekatiwa dawa bila mtu yeyote kumkatia. Atakachofanya ni kuongeza kapsuli. Aidha, anguko lililoletwa na dawa halihitaji dawa ya kifafa ya kila siku. Linahitaji kile kilicholileta kipungue.

Amitriptilini ni dawa nzuri kwa maumivu ya namna hii, lakini si leo. Nayo hushusha kizingiti cha kifafa na kugusa serotonini, kwa hiyo ukiiweka juu ya tramadoli nyingi unakaribisha anguko la pili, au ile hali ya kutetemeka, kutokwa jasho, homa na mapigo ya mbio. Isubiri tramadoli ishuke chini ya 200, kisha uianze kwa miligramu 10 usiku. Gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, ingeweza kufaa, ila huondolewa mwilini na figo, bei yake haimfai mchukuzi, na ikikutana na opioidi na diazepamu hupunguza pumzi.

Kuhusu diazepamu, naomba uniamini: iache kwa sasa. Pamoja na opioidi ni mchanganyiko wa hatari, na Marekani waliuwekea onyo kali kuliko yote mnamo 2016. Lakini kuikata ghafla pia huleta kifafa. Ondoa moja kwanza, nyingine ifuate. Na mtu akizidisha tramadoli, kumbukeni kwamba naloksoni, dawa inayozuia opioidi, hurudisha pumzi lakini haizimi kifafa, na tramadoli huijibu kwa sehemu tu.

Diklofenaki ndiyo ninayoweza kukuambia uikate leo, kwa ajili ya figo na presha. Mpe parasetamoli gramu 1 mara tatu.

Mwenzako wa Ibanda (Bukavu)

Naheshimu yaliyosemwa, lakini nadhani tunambembeleza mno. Mtu anayejinunulia dawa kwa miaka minne na kujipandishia kipimo ni mraibu, na mraibu hapewi dawa yake kwa mkono wa daktari. Marekani waliandika dawa hizi kwa huruma kama hii, na sote tunajua walikofika. Mimi ningemlaza wiki moja, nikate zote, na aende nyumbani akiwa safi.

Daktari mstaafu (Bukavu)

Ndugu yangu wa Ibanda, umetaja Marekani, basi tuitaje yote. Ni kweli kwamba tangu 1996, OxyContin, opioidi kali, ilipoingia sokoni, madaktari wa huko waliambiwa kwamba dawa hizi haziwezi kuwazoesha watu wenye maumivu ya kweli, na ni kweli kwamba kampuni ya Purdue iliyoiuza ilikiri makosa mahakamani mnamo 2007, kisha tena 2020. Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2016 taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa mwongozo uliotaka madaktari wawe waangalifu wanapovuka kiasi kinacholingana na miligramu 50 za mofini kwa siku, na waepuke kufika 90. Wengi waliugeuza ushauri huo kuwa sheria ya shoka na kuwakatia watu ghafla, kiasi kwamba mnamo Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya huko ilionya kwamba kukata kwa ghafla kumeleta maumivu makali, mateso ya nafsi na hata watu kujiua. Mwongozo uliporekebishwa mwaka 2022, ulisisitiza kwamba aliyetumia kwa zaidi ya mwaka mmoja apunguziwe takriban sehemu moja ya kumi kwa mwezi. Wiki yako moja wao waliijaribu, nayo haikuwa safi.

Kuhusu neno mraibu, tulitenganishe na mambo mawili yanayofanana nalo. Mwili kutaka kipimo kikubwa zaidi baada ya muda, na mwili kuugua dawa inapoondolewa, hutokea kwa yeyote aliyemeza opioidi kwa muda mrefu, awe padri au mwizi. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa ingawa anaona inamwangamiza, anaposhindwa kujizuia, anapoacha kazi na watoto kwa ajili yake. Mama huyu anaimeza ili aende kazini. Naweza kukosea, sijamwona, lakini kwenye faili ningeandika kwamba amezoea dawa kwa sababu hakuna aliyemfuatilia. Neno mraibu likiingia kwenye faili halitoki, na siku atakapovunjika mguu ataachwa alie.

Sasa, Dokta wa Kadutu, kuna jambo ambalo hakuna aliyekuuliza. Umeshautazama mgongo wenyewe? Mtu mzima wa miaka 61 katika nchi yetu, mwenye maumivu ya kiuno ya miaka minne, anastahili kupigwa picha ya uti wa mgongo na kuulizwa kama amekonda, kama anatokwa jasho usiku, kama amewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo hujificha kwa utulivu nyuma ya kapsuli za maumivu. Mwulize kama amepoteza hisia sehemu za siri, na kama mkojo unakwama. Kama majibu ni hapana, tumia yale maswali ya DN4 ambayo Wafaransa walituachia 2005. Kuungua, ganzi, kuchomwa kama sindano, kufa hisia, na mengine, kumi kwa jumla, na alama nne au zaidi zinakuelekeza kwenye mshipa. Pilipili ndani ya mfupa tayari ni alama moja.

Acha pia kumwuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi. Mama zetu hujibu kumi kwa heshima, ili usione kwamba wanakupotezea muda. Mwulize analala kwa muda wa saa ngapi, anapanda hatua ngapi kabla ya kuketi, anaweza kuinama kupakua ugali au la. Hayo ndiyo utakayoyapima mwezi hadi mwezi, na kama dawa haibadilishi lolote kati ya hayo, hata kama ni salama, haina kazi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Minneapolis kwa wagonjwa 240 wa maumivu ya kudumu ya mgongo, nyonga au goti. Baada ya miezi 12, waliopewa opioidi hawakuwa wakifanya kazi zao vizuri kuliko wenzao wasiopewa, na madhara ya dawa yalikuwa mengi kwao. Kwa uaminifu niseme kwamba tramadoli ilikuwa imewekwa upande wa wasiopewa, kama hatua ya mwisho, kwa hiyo asije mtu akausoma utafiti huo kama hukumu dhidi ya tramadoli yenyewe.

Na swali lake la nani atabeba mzigo, mimi nalichukulia kama swali la kitabibu. Mzigo wa kilo 50 ukipanda na mwanamke wa miaka 61 kila siku, hakuna kapsuli itakayoushinda.

Daktari wa Kadutu (Bukavu)

Wazee wangu na wenzangu, ninarudi baada ya wiki sita kutoa taarifa, kwa kuwa nilipewa mengi na kunyamaza si adabu.

Nilimwita kesho yake, nikamwomba alete kila alichonacho. Alifungua fundo la kitenge mezani: vipande kumi na kitu vya plaketi, vilivyokatwa na mkasi kama alivyosema Mfamasia, vya aina mbili zenye rangi zinazokaribiana. Kwenye vingi sikuweza kusoma nambari. Nilivipanga kama mtoto anayeunganisha picha, kingo kwa kingo, mpaka nikapata vipande viwili vilivyolingana, na hapo ndipo nilipoona 100 kwenye zile za kijani. Alikuwa akimeza za kijani tano na za njano tatu kwa siku, kwa sababu muuzaji wake hakuwa na za aina moja za kutosha. Hiyo ni miligramu 650. Nilikuwa nimekaribia kumwandikia mpango mzima juu ya hesabu ya 400.

Nilimlaza siku nne hospitalini badala ya kumrudisha nyumbani, kwa kuwa kumteremsha kutoka 650 hadi 400 haikuwa kazi ya nyumbani. Siku ya pili alitokwa jasho na kupiga miayo, hakulala, akanitukana kidogo kwa Mashi, lugha ya kwao, kisha akatulia. Picha ya uti wa mgongo haikuonyesha kifua kikuu, ila pingili zilizokaribiana na kuota vijimfupa kama meno. Alama za DN4 zilifika sita. Diklofenaki imeachwa, na kreatinini imeanza kushuka.

Sasa yuko kwenye 300, zote za 50, na anazichukua kwangu kila Jumatatu, siku saba kwa hesabu. Hajaanguka tena. Maumivu anasema yako palepale, ila analala kwa muda wa saa tano badala ya tatu, na choo kimerudi. Kwa upande wa mzigo, kikundi chake cha akiba kilimkopesha mtaji, na siku mbili kwa wiki anakaa chini ya mlima akiuza makaa kwa makopo. Siku nyingine bado anapanda, ila amekubali kugawa mfuko mara mbili. Si ushindi mkubwa. Jumatatu iliyopita alirudi na kapsuli tatu ambazo hakuzimeza, amezifunga kwenye karatasi, akauliza kama ninaweza kumrudishia faranga zake.

Swali langu lililobaki: ile diazepamu nianze kuigusa lini?

Muuguzi wa Himbi (Goma)

Tramadoli ikifika 200 na akakaa hapo mwezi mmoja bila taabu. Kisha mpe 7,5 badala ya 10, yaani tembe moja na nusu za 5, nusu imevunjwa mbele yako, kwa wiki mbili au tatu, na mwambie mapema kwamba usiku wa kwanza na wa pili hatalala vizuri. Na hizo tatu, mrudishie faranga zake.